Kusafisha, Kutibu na Kurejeleza: Istilahi za Majitaka ya Viwandani

Neno kusafisha ni neno jema, na kila msemaji wa Kiswahili alijua tangu utotoni. Mtu husafisha nyumba, husafisha mchele, husafisha kidonda. Na siku hizi twasoma ya kwamba kiwanda nacho kimesafisha maji yake kabla ya kuyatoa nje. Katika makala haya twataka kuonyesha kwa nini neno hilo jema, likiachwa peke yake katika habari za maji ya viwandani, laweza kumdhuru msomaji asiye na hatia. Na kwa nini twaona kwamba haja ya kuliwekea mipaka ni kubwa zaidi Dodoma na katika uwanda wa juu wa kati kuliko ilivyo mahali pengi pa nchi yetu.

Jambo hili si la wahandisi peke yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zimeweka masharti juu ya maji yanayotoka viwandani, na zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo neno ambalo zamani lilikuwa la kibao au la tangazo la redio sasa ni neno la kumtia mtu hatiani au kumwachilia. Mtafsiri akiandika kwamba mwenye kiwanda "atasafisha maji yake", hakimu atauliza: asafishe kwa kiasi gani, na kwa ajili ya nani?

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Dodoma hupata mvua isiyofikia milimita 600 kwa mwaka katika miaka mingi, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Jua na upepo vyaweza kuvukiza maji zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Kwa miongo mingi mji huu umetegemea zaidi maji ya visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, yaani maji yaliyo chini ya ardhi ile ile ambayo watu huishi, hulima na kumwaga taka zao juu yake. Magharibi, Mto Bubu hauendi baharini. Huishia katika mbuga ya Bahi, maji yakapanda juu kwa joto na chumvi ikabaki. Mtu wa pwani aweza kujidanganya kwamba bahari itachukua kila kitu. Mtu wa uwanda wa kati hana hata faraja hiyo ya uongo, maana kilichoyeyuka katika maji yake hubaki kwake.

Tangu Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na hasa tangu uhamisho wenyewe ulipopamba moto mwaka 2016, watu wameongezeka na viwanda pia. Pana machinjio Kizota, pana viwanda vya mvinyo vinavyotokana na mashamba ya mizabibu, pana vinu vya mafuta ya alizeti, na pana eneo la viwanda la Nala. Kila kimoja hutoa maji ya namna yake, na hapa ndipo maneno yanapoanza kutupungukia.

Tuanze na tofauti ya machafu na taka. Maji ya mtoni baada ya mvua ya kwanza ni machafu, mekundu kwa udongo. Akina mama huyaacha yatulie, wakayachuja kwa kitambaa na kuyachemsha. Hayo si majitaka. Uchafu ni hali ya kitu, bali taka ni kitu kilichokwisha kutumika kikatupwa. Kinyume chake, maji yaliyosuuzia matangi ya mvinyo baada ya kuoshwa kwa kostiki soda yaweza kuwa meupe kabisa machoni, lakini ni majitaka, na yaweza kuunguza ngozi. Kwa sababu hii tunapendekeza kwamba katika sheria na vitabu vya shule neno liwe majitaka, liandikwe pamoja kama neno moja, na kwamba maji machafu liachiwe maana yake ya kawaida. Jicho peke yake si kipimo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuchukue machinjio kuwa mfano, maana damu hufundisha upesi. Kipimo kikuu cha majitaka ya namna hii ni hitaji la oksijeni: yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watakitumia katika muda wa siku tano wakila uchafu uliomo. Maji yakihitaji oksijeni nyingi, yataimaliza ile iliyomo mtoni au bwawani, na samaki watakufa bila ya sumu yoyote kutiwa. Kanuni za mwaka 2007 zaruhusu miligramu 30 tu kwa lita katika maji yanayotolewa nje. Damu mbichi ya ng'ombe hupita miligramu 100,000 kwa lita. Mwenye machinjio atakayedhani kwamba dawa ni kuongeza maji atahitaji zaidi ya lita 3,000 za maji safi kwa kila lita moja ya damu, naye atakuwa hajaondoa kitu. Kiswahili kina neno zuri kwa tendo hilo, nalo ni kuzimua, kama mtu azimuavyo chai kali au tembo. Tunapenda neno hili liingie katika tafsiri za kanuni, kusudi iweze kuandikwa waziwazi kwamba kuzimua si kutibu. Na katika nchi isiyo na maji ya ziada, kuzimua ni hasara mara mbili.

Kinachotakiwa ni kuikinga damu isiingie katika maji tangu mwanzo, kisha kuyapitisha majitaka katika hatua moja baada ya nyingine. Hapo lugha yetu si maskini hata kidogo. Vipande vikubwa huzuiwa kwa wavu. Huko ni kuchuja. Mafuta yanayoelea huondolewa juu kama mpishi aondoavyo povu la mchuzi. Huko ni kuengua, na hatuoni haja ya kutafuta neno jingine. Vitu vizito huachwa vishuke chini katika tangi. Huko ni kutuamisha, na kinachobaki chini ni mashapo. Kisha huja kazi ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Katika bwawa lenye kina kirefu, kisichopitiwa na hewa, bakteria huozesha uchafu na kutoa gesi. Katika bwawa la kina kifupi, mwani wa kijani hupata mwanga wa jua na kutoa oksijeni, na bakteria wengine huitumia oksijeni hiyo kumalizia kazi. Katika mabwawa ya mwisho, jua kali na muda mrefu huua vijidudu, na mayai ya minyoo huzama. Mabwawa ya Swaswa, yanayopokea majitaka ya mji wa Dodoma, hufanya kazi kwa njia hii. Ni njia isiyotaka umeme mwingi wala vipuri kutoka ng'ambo, na jua la Ugogo huisaidia bila malipo.

Kwa mabwawa hayo matatu tunapendekeza bwawa la kuozesha, bwawa la mwani na bwawa la kukomaza. Majina haya hueleza kazi, na mwanafunzi wa darasa la saba ataweza kuyakumbuka. Ila tungeomba jambo moja lizingatiwe: bwawa la namna hii lisiitwe lambo kamwe, hata kama limechimbwa kwa mashine zile zile na lafanana nalo kwa umbo. Kwa wafugaji wa Dodoma, Singida na Shinyanga, lambo ni mahali pa kunyweshea mifugo. Mtu aliyetembeza ng'ombe wake tangu alfajiri mwezi wa Oktoba, akasikia kwamba mbele kuna lambo jipya, hatangoja kusoma kibao.

Kwa jumla ya hatua hizo zote, wataalamu wengi sasa hutumia kitenzi kutibu. Wako wanaolichukia kwa kuwa ni neno la hospitali. Sisi twalikubali, maana ndilo watu walilolizoea na halidai mno: aliyetibiwa si lazima awe amepona. Nomino ya pekee haina lazima. Kitenzi-jina kutibu chatosha, na matibabu yaachiwe wagonjwa. Hali kadhalika kuchakata, lililozoeleka tangu zamani katika mkonge na sasa latumika kwa zabibu, korosho na hata habari, hatuoni kwamba lafaa hapa. Kinachochakatwa hutazamiwa kutoa mali, na majitaka hutibiwa hata pasipo faida.

Lakini ipo shida ambayo lazima tuitaje. Kwa miaka mingi kampeni za afya zimewafundisha watu kutibu maji ya kunywa nyumbani, kwa kuchemsha au kwa vidonge vya klorini. Kwa mama wa nyumbani, basi, maji yaliyotibiwa ni maji ya kunywa. Tuseme kiwanda cha mvinyo kimetibu majitaka yake, yakafikia kiwango cha miligramu 30, kisha kikaweka kando ya mfereji kibao kisemacho MAJI YALIYOTIBIWA. Mhandisi amesema kweli tupu. Lakini mkulima wa mchicha atakayechota humo, akamwagilia na kuoshea mboga zake kabla ya kuzipeleka sokoni, naye hakukosea kusoma. Kiwango cha hitaji la oksijeni hakisemi lolote juu ya mayai ya minyoo, wala juu ya chumvi. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1989 yalitaka maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi yai moja la minyoo kwa lita, na bakteria wa kinyesi 1,000 kwa mililita 100. Hicho ni kipimo kingine kabisa. Nayo chumvi ya kostiki soda haiozi wala haifi kwa jua. Bwawani, maji yakivukizwa, huzidi kukolea. Shambani hugandisha udongo, na mwisho yaweza kufika kisimani.

Kwa hiyo pendekezo letu kubwa ni hili: neno taka lisiondolewe katika jina mpaka maji yenyewe yafikie kiwango cha maji ya kunywa. Iandikwe majitaka yaliyotibiwa, kamwe isiwe maji yaliyotibiwa. Na kila mara yatajwe matumizi yanayoruhusiwa, kama kumwagilia miti au kuoshea sakafu. Maji safi na salama yabaki kuwa jina la maji ya kunywa peke yake.

Twajua hoja ya upande wa pili, nayo si dhaifu. Husemwa kwamba jina baya litawakimbiza watu, na kurejeleza kutashindwa katika nchi inayokuhitaji mno. Singapore ilipoanza mwaka 2003 kutoa maji yaliyotokana na majitaka ya mji, iliyaita NEWater ili kukwepa chuki hiyo. Lakini jina hilo jipya lilipewa maji yaliyokwisha kupitishwa katika tando zenye vitundu vidogo mno na kuuliwa vijidudu, hata yakawa bora kuliko mengi ya mabombani. Kazi ilitangulia, jina likafuata. Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa ukame ni Windhoek, Namibia, ambako tangu mwaka 1968 majitaka ya majumbani hutibiwa hadi yakanyweka. Huko majitaka ya viwandani hutengwa katika mabomba yake na kutibiwa mahali pengine, kwa kuwa kemikali zake hazitabiriki. Mtafsiri anayeandika majitaka tu pale mwandishi alipotofautisha ya viwandani na ya majumbani anabomoa ukuta ule ule ambao Windhoek umeujenga.

Imebaki kurejeleza. Neno limetokana na rejea kwa kupitia rejelea, na sasa lina mizizi. Tatizo ni kwamba hutumika kwa mambo matatu. Maji ya kupozea mitambo, yakizunguka katika bomba lile lile na kurudi, yanazungushwa. Maji ya mwisho ya kusuuzia chupa, yakichukuliwa jinsi yalivyo kuoshea sakafu, yanatumiwa tena. Majitaka yanayotibiwa kisha yakarudishwa kazini ndiyo yanayorejelezwa. Mwenye kiwanda aliyeahidi katika kibali chake kurejeleza asiruhusiwe kuonyesha bomba la kupozea na kusema ametimiza.

Kuhusu tope linalotolewa chini ya mabwawa, tope taka lafaa, na tope kinyesi liwe la vyoo; hapo hatuna ugomvi na mtu. Jambo ambalo halijatutosheleza ni kukosa neno moja, fupi, la maji yanayoonekana meupe lakini hayafai kunywewa. Jamii zinazoishi na visima vya chumvi huenda zinalo tayari. Wasomaji wajuao neno la namna hiyo katika Kigogo, Kirangi, Kinyaturu au Kisandawe tunawaomba watuandikie, wataje na mahali linapotumika, tupate kulijadili katika toleo lijalo.