Mzee akichanganyikiwa baada ya upasuaji, usikimbilie mganga

UPASUAJI umefaulu na jamaa wanamshukuru Mungu. Lakini usiku wa pili mzee anang'oa dripu, anamwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyefariki zamani na kudai yuko shambani. Hapo minong'ono huanza: wengine husema amerogwa, wengine kwamba nusukaputi imemharibu akili.

Si uchawi wala wazimu. Kuchanganyikiwa kwa namna hii huwapata wazee wengi siku za kwanza baada ya kupasuliwa. Huja na kuondoka, na huzidi usiku.

Kuna hali nyingine isiyo na kelele: mzee anatulia, lakini anasahau aliyoambiwa jana au anashindwa kuhesabu chenji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 uliwafuata wagonjwa 1,218 wa miaka 60 na zaidi, Ulaya na Marekani. Wiki moja baada ya upasuaji mkubwa, karibu 26 kati ya kila 100 walikuwa wamepungukiwa kiakili. Baada ya miezi mitatu walibaki 10 hivi. Kwa hivyo, wengi hupata nafuu.

Nusukaputi pekee si ya kulaumiwa. Kidonda huamsha uvimbe mwilini ambao huweza kuusumbua ubongo. Ongeza maumivu, kukosa usingizi, upungufu wa maji, maambukizi na baadhi ya dawa. Aliye hatarini zaidi ni mwenye umri mkubwa au aliyekuwa ameanza kusahau.

Jamaa wafanye nini? Kabla ya upasuaji, mwelezeni daktari dawa zote anazotumia mzee, kama anakunywa pombe, na kama ameanza kusahau. Baadaye, mrudishieni miwani na kifaa cha kumsaidia kusikia. Mkumbusheni siku na mahali alipo. Daktari akiruhusu, mnywesheni maji na mtembezeni mapema. Usiku aachwe alale.

Akichanganyikiwa, msibishane naye. Mwambieni muuguzi mara moja, kwani huenda ni dalili ya maambukizi. Usahaulifu ukiendelea kwa miezi, arudishwe kwa daktari.

Zaidi ya yote, asiwepo mtu wa kumletea karatasi za shamba au za benki atie kidole wakati huo. Akili zikimrudia, naye atauliza mali yake ilikwenda wapi.