Baada ya Kengele ya Mwisho: Michezo, Klabu na Vipindi vya Jioni kwa Watoto wa Karagwe na Kyerwa

Shughuli za baada ya masomo ni michezo, klabu na vipindi vya hiari ambavyo mtoto huhudhuria ratiba ya darasani ikishakwisha: mpira na riadha, kwaya na ngoma, usomaji wa hadithi, mdahalo, bustani, uchoraji, na kompyuta pale ilipo. Hazina mtihani wala cheti. Tuisheni humrudisha mtoto kwenye somo lile lile alilofundishwa asubuhi, mara nyingi kwa ada. Shughuli hizi humfungulia mlango mwingine, na mtoto aliye wa mwisho katika hisabati anaweza kuonekana hapo kuwa wa kwanza katika jambo fulani. Kwa wengi, ni mara yao ya kwanza kusifiwa mbele ya wenzao.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zipo kaskazini magharibi mwa mkoa wa Kagera, zikipakana na Rwanda na Uganda. Zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipokuwa wilaya peke yake. Sensa ya mwaka huo ilikuta kila moja ina watu zaidi ya 320,000, wengi wao wakulima wa migomba, maharage na kahawa wanaoishi katika vijiji vilivyotawanyika juu ya vilima. Mtawanyiko huo una uzito katika habari hii, kwa sababu mtoto wa kijijini anaweza kutembea kilomita kadhaa kufika shuleni, na kipindi chochote kinachoongezwa jioni huisogeza safari yake ya kurudi karibu na giza.

Hata hivyo jiografia imezipa wilaya hizi zawadi ndogo. Tanzania nzima hufuata saa moja, lakini Karagwe ipo magharibi sana, na jua huzama huko karibu saa moja jioni, kwa wastani kama nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi wakitoka kati ya saa nane na saa tisa alasiri, bado wana saa nne hivi za mwanga. Saa hizo si tupu. Kuna maji ya kuchota, kuni za kutafuta, mbuzi wa kurudisha zizini na mdogo wa kubeba. Msimu wa kahawa unapoanza, mwezi Mei, mikono ya watoto huhitajika pia kwenye kuchuma na kuanika. Mpango wowote wa jioni unaosahau kazi hizi utabaki na watoto wachache wa watumishi na wafanyabiashara wa miji midogo kama Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, huku watoto wa wakulima wakiusikia kwa mbali. Kwa wasichana hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kazi za jikoni ni zao kabla ya kuwa za kaka zao.

Watoto hawakungoja mtu awapangie michezo. Katika vijiji vya Kagera mpira hufumwa kwa majani makavu ya migomba na kukazwa kwa kamba za mgomba huo huo. Wasichana hucheza rede, wavulana hutengeneza magari ya waya na baiskeli za mbao za kuteremkia mlimani, na bao huchezwa popote palipo na udongo wa kuchimba vishimo. Zamani jioni ilikuwa pia wakati wa hadithi na wa enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kwa gogo, ambayo waimbaji wa Kagera waliitumia kusimulia tenzi za watawala na mashujaa. Ujuzi huo ulipita kutoka kwa wazee kwenda kwa watoto bila jengo wala bajeti, na kipindi cha jioni kilichopangwa vizuri kinaweza kuuendeleza.

Shule za Tanzania zina historia ndefu ya kufanya kazi nje ya darasa. Sera ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967, ilitaka shule iwe na shamba na mifugo, na mwanafunzi ajifunze kwa mikono. Kwaya na ngoma zilikwenda sambamba na siasa hiyo. Urithi unaoonekana zaidi leo ni UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania, na ndugu yake wa sekondari, UMISSETA. Mashindano huanzia shuleni, hupanda hadi kata, wilaya na mkoa, kisha taifa. Ndani yake mna soka, netiboli, wavu, mpira wa mikono, riadha, kwaya na ngoma. Mtoto wa Murongo, mpakani mwa Uganda, anaweza kwa njia hii kufika mkoa ambao hajawahi kuuona hata mzazi wake.

Upungufu wake upo wazi. Mashindano huchagua. Timu ya kata ikishaundwa, wanafunzi wachache huendelea na mamia hubaki kando ya uwanja wakishangilia. Mazoezi huchangamka wiki chache kabla ya mashindano, kisha mpira hufungiwa ofisini hadi mwaka unaofuata. Mtoto mwenye mwili mdogo, mwenye ulemavu au mwenye haya, ambaye pengine ndiye anayehitaji zaidi kucheza na wenzake, hapati nafasi.

Upande wa pili upo mtihani. Madarasa ya mtihani, yaani la nne na la saba, huwekewa vipindi vya ziada asubuhi na jioni, na shule nyingine huweka kambi. Wazazi wanaunga mkono kwa nia njema kabisa, kwa sababu nafasi ya sekondari hutegemea matokeo. Lakini mtoto aliyekaa kwenye dawati tangu asubuhi, na kwa baadhi yao bila chakula cha mchana, hana akili ya kupokea saa mbili zaidi za maswali. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora, uamuzi unaoweza kupunguza angalau sehemu ya mbio hizo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao umeipa sanaa na michezo nafasi ya somo katika elimu ya msingi. Milango miwili imefunguliwa, na sasa ni juu ya shule na jamii kuitumia.

Mfano ulio karibu zaidi na wazazi wa Karagwe na Kyerwa ni Jambo Bukoba, shirika lililoanzishwa mwaka 2008 na Clemens Mulokozi, mwenye asili ya Tanzania na Ujerumani, ambalo limefanya kazi katika wilaya za mkoa wa Kagera. Wazo lake ni kufundisha stadi za maisha kwa njia ya michezo.  Limefanya kazi kupitia walimu wa shule za msingi wenyewe, waliofundishwa kuongoza michezo ambayo wavulana na wasichana hucheza pamoja, kila mchezo ukibeba jambo la kujadiliwa: kujikinga na UKIMWI, kuheshimiana, kujiamini, kusema hapana. Mwalimu aliyefundishwa hubaki kijijini na ujuzi wake, hata mradi ukiondoka.

Namna mchezo unavyofundisha inafaa kuelezwa, kwa kuwa wazazi wengi huona mchezo ni kupoteza muda. Katika elimu ya UKIMWI kwa njia ya michezo barani Afrika upo mchezo ambao watoto husimama kwenye mstari na kupitisha mpira mdogo nyuma ya migongo yao, huku timu ya pili ikijaribu kukisia nani anao. Hukosea, hucheka, hukosea tena. Kisha mwalimu huwakalisha chini na kuuliza kwa nini walishindwa, na watoto wenyewe hufikia jibu: huwezi kumtambua mwenye virusi kwa kumtazama usoni. Somo hilo hukaa kuliko sentensi iliyonakiliwa ubaoni, kwa sababu mtoto ameligundua mwenyewe akiwa na wenzake. Mazungumzo ya baada ya mchezo ndiyo kiini chake, na mwalimu anayeyaruka amebaki na burudani tu.

Jambo Bukoba liliongeza bonanza, siku ya michezo ambapo shule hushindana mbele ya wazazi na viongozi, na washindi husaidiwa kutekeleza mradi wa shule yao, kama vile vyoo, maji au madawati, na jamii ikichangia sehemu yake. Hapa kuna hekima. Baba aliyekuwa akimwita bintiye arudi shambani humwona akikimbilia tangi la maji la kijiji kizima, na hesabu yake hubadilika.

Kagera ilikuwa na sababu ya pekee ya kuanza na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watoto walifiwa na wazazi. Huko Nshamba, wilaya jirani ya Muleba, mradi wa Humuliza ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uswisi, terre des hommes. Ulitambua kwamba yatima anahitaji sare na chakula, lakini pia anahitaji mahali pa kulia, kusema na kucheza. Kutokana nao vijana waliofiwa waliunda umoja wao, Vijana Simama Imara, wakikutana, wakiweka akiba na kusaidiana. Ni ushahidi kwamba kikundi cha jioni kinaweza kumshika mtoto ambaye nyumba yake imebomoka, na kwamba watoto wakiaminiwa huweza kukiongoza wenyewe.

Nyumba za ibada ndizo zenye vipindi vya kudumu zaidi, na pengine ndizo zinazosahaulika zaidi watu wanapohesabu shughuli za watoto. Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na Jimbo Katoliki la Kayanga, lililoanzishwa mwaka 2008, zina shule za Jumapili, mafundisho ya kipaimara, vikundi vya Utoto Mtakatifu na kwaya za watoto. Watoto wa Kiislamu huenda madrasa. Huko mtoto hujifunza kusoma kwa sauti, kuimba kwa zamu, kukariri na kusimama mbele ya watu. Kwa kijiji kisicho na ukumbi, kanisa au msikiti mara nyingi ndilo jengo kubwa lenye paa, na lenye mtu wa kushika ufunguo.

Zipo pia klabu za shule zenye mizizi ya kitaifa. Klabu za Malihai zilianzishwa mwaka 1980 kufundisha uhifadhi. Roots & Shoots ilianza mwaka 1991 jijini Dar es Salaam, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12, na imesambaa duniani. Tuseme, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 chini ya Penina Mlama na Amandina Lihamba, hutumia maigizo kuwapa wasichana sauti ya kueleza yanayowakwaza shuleni. Wilaya hizi mbili zina utajiri wa kulisha klabu kama hizo. Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilipandishwa hadhi mwaka 2019. Zipo chemchemi za maji moto za Mtagata. Ipo Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, na kumbukumbu ya Omukama (mfalme) Rumanyika, aliyewapokea wapelelezi wa Uingereza Speke na Grant mwaka 1861. Mtoto wa hapa anapaswa kuvijua vitu hivi kwa miguu yake kabla ya kuvikariri kwa ajili ya mtihani.

Usomaji unastahili kipindi chake. Watoto wengi wa vijijini huingia darasa la kwanza wakizungumza Kinyambo nyumbani, na Kiswahili hukutana nacho kwa uzito shuleni. Saa moja ya hadithi jioni, ikisomwa kwa Kiswahili na kujadiliwa kwa lugha zote mbili, huwasaidia kuvuka daraja hilo bila aibu. Pasipo maktaba, sanduku moja la vitabu linaweza kuzunguka shule tatu au nne. Redio nayo ni mwalimu wa bei nafuu. Vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza kurushwa mwaka 2014, vilitengenezwa Tanzania kufundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo na katuni, na vinapatikana hata kwa sauti peke yake.

Kinachoamua kama mpango wa jioni utadumu ni mtu, kuliko vifaa. Mwalimu mwenye vipindi vingi na posho isiyokuwepo hawezi kubeba mzigo huu peke yake. Inafaa asaidiwe na mhitimu wa kidato cha nne aliye kijijini, fundi, mama wa kwaya, mzee mwenye hadithi. Kila anayekabidhiwa watoto ajulikane na uongozi wa kijiji, asikae na mtoto mmoja faraghani, na kipindi kifungwe mapema kiasi cha kuwawezesha wasichana kufika nyumbani jua likiwapo. Watoto wenye ulemavu wapangiwe nafasi tangu siku ya kwanza. Siku ziafikiwe na wazazi, zikiepuka siku za gulio na wiki za mavuno. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja mapumziko miongoni mwa haki ambazo mtoto anastahili kupata kwa wazazi wake, sambamba na afya, elimu na makazi, hivyo jambo hili si hisani.

Siku mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, na watu wazima wawili wasiokosa kufika: hicho ni kiwango ambacho kijiji chochote cha Karagwe na Kyerwa kinaweza kukimudu kwa uwanja na miti kiliyonayo. Mzazi ambaye shule ya mwanawe haina mpango huo aulizie kwenye mkutano ujao wa wazazi, na kamati ya shule iuweke kwenye ajenda kabla ya muhula kufunguliwa.