Kitenzi -kaa na jamaa zake
Mwanafunzi wa Usagara, karibu na Mwanza, akiandika "Ninakaa Usagara", huenda kitenzi chake kikakatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa "ninaishi", kwa hoja kwamba kukaa ni kuketi tu. Hoja hiyo ni dhaifu.

Mzizi wa Kibantu uliozaa -kaa ulikuwa na konsonanti ya pili, ambayo Kisukuma kingali kinaitunza katika kwikala, yaani kuishi mahali. Kikuyu nacho kina ikara. Kiswahili kiliidondosha baina ya irabu, ila hujitokeza tena katika kalia na kalisha. Mbele ya kiambishi tamati -i cha kale iligeuka z: ndiyo asili ya mkazi na makazi. Linganisha zaa, zalia, mzazi. Vaa, valia, vazi. (Kazi, kwa maana ya shughuli, haimo katika ukoo huu, wala kaa la moto.)

Maana ya makazi, basi, si uzembe wa mitaani. Kisukuma hutenganisha kwigasha, kuketi, na kwikala. Kiswahili huyabeba yote kwa kitenzi kimoja. Hata reside ya Kiingereza chanzo chake ni sedere, "kuketi" kwa Kilatini.

Ishi, lenye asili ya Kiarabu, lina eneo lake: kuwa hai. "Aliishi miaka 80" haiwezi kugeuzwa "alikaa miaka 80" bila kubadili habari. Kwa mahali, mfasiri ana hiari. -Kaa humpa pia mkazi, makazi na makao.