Usilaumu Mbegu ya Dume

Ndugu mfugaji, malalamiko haya tunayasikia mara nyingi: "Tulilipia mbegu ya dume bora, mbona mtamba aliyezaliwa hashiki mimba?" Basi mtamba anapelekwa mnadani. Ngoja kwanza. Sababu ni nyingi, na ugonjwa ni mojawapo, kwa hiyo mwite bwana mifugo. Lakini iko moja isiyoonekana.

Ndama hurithi nusu kwa dume, nusu kwa mama. Hata hivyo chembe za urithi hazifanyi kazi zote pamoja. Nyingine huamshwa, nyingine hulala, na lishe ya mama inahusika. Mwaka 2013 watafiti nchini Ireland walitangaza jaribio lao. Ng'ombe walipewa asilimia 60 tu ya chakula cha kuwakimu, katika theluthi ya kwanza ya mimba. Ndama wao walizaliwa na uzito wa kawaida, kwa macho usingewatambua! Lakini mitamba hao walikuwa na akiba ndogo ya mayai.

Maana mayai ya mtamba hufanyika angali tumboni. Ng'ombe mwenye mimba ya jike amebeba mtoto, na mbegu ya mjukuu pia.

Wengi wetu huongeza pumba tumbo likishaonekana. Hapo umechelewa, bwana. Anza kabla ya kumpandisha: majani, mashudu kidogo, maji, chumvi ya mifugo. Hesabu mvua, ili miezi mitatu ya kwanza ikute malisho. Na kwa miezi ya mwisho, ikiangukia kiangazi, weka nyasi kavu darini tangu sasa.