Baiskeli Ndani ya Nyumba, Amani Ndani ya Ndoa

Msomaji wangu, kuna ugomvi wa pesa, kuna ugomvi wa mawifi, halafu kuna ugomvi wa baiskeli. Huu wa tatu nusura unirudishe kwetu.

Tunaishi Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Pande hizi baiskeli si mchezo. Tanga imejijengea jina kwa baiskeli, na utamwona mama kavaa baibui anakanyaga pedeli bila wasiwasi. Mume wangu naye huenda kazini kwa baiskeli ya mtumba, ile ya gea, na kila jioni huiingiza sebuleni. Ikilala nje, ikiponea kwa wezi itamalizwa na upepo wa bahari. Chumvi yetu haina adabu, cheni inashika kutu huku unaitazama.

Basi ikawa inaegemezwa ukutani. Rangi ikachubuka, pazia likapata grisi, na mimi kila siku mdomo wazi. "Baba Salim, hii sebule au gereji?" Yeye kimya. Siku moja akarudi na kistendi cha chuma alichokipata kwa bei ya chee. Nikashukuru, nikadhani yamekwisha.

Wiki hiyohiyo mtoto wetu, wakati huo ana miezi 10, akatambaa hadi kwenye baiskeli, akashika pedeli ili asimame. Ikaja chini yote. Usukani ulitua shibiri moja tu kutoka kichwani kwake. Hakuumia, alhamdulillah, ila mimi nilitetemeka mpaka magharibi.

Usiku nikamwambia, kama anaipenda kuliko mwanawe, akalale nayo. Akajibu, "Unataka niiuze? Na nauli utanipa wewe?" Kumbe miezi yote ile mimi nikisema "uchafu", yeye alikuwa anasikia "uza".

Asubuhi tulimwita fundi baiskeli. Akatazama kile kistendi, akacheka. Kilikuwa cha tairi jembamba, letu nene halikuwa limezama hata nusu. Haya ndiyo tuliyojifunza, wewe uyapate bure.

Soma tairi kabla ya kufungua pochi
Vipimo vimeandikwa ubavuni mwa tairi. Phoenix kubwa za kutoka Shanghai nyingi huvaa 28 x 1½, yaani upana wa karibu sentimita 4. Ukiona 26 x 2.10, kama kwenye nyingi za gea, huo ni upana wa sentimita 5 na ushee. Nafasi ya stendi izidi tairi kidogo tu. Ikibana, gurudumu haliingii. Ikipwaya, baiskeli inalala upande na kuipinda rimu.

Tazama inashika wapi
Stendi inayoshika tairi chini tu ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyotuponza. Tafuta inayopanda juu ya gurudumu. Kwa gurudumu la inchi 26, ekseli iko kama sentimita 33 kutoka sakafuni, na mikono ya stendi ikikaribia hapo utulivu unakuwa mwingine kabisa. Zipo pia za kuinua gurudumu la nyuma. Kama baiskeli yako ina breki za diski, hakikisha chuma hakiigusi diski, maana ikipinda utalia na fundi.

Una Phoenix yenye stendi yake ya miguu miwili? Weka pesa mfukoni. Tia kipande cha ubao chini ya miguu, sakafu isichimbike.

Chuma au mbao?
Kwa sisi wa pwani, chuma kipakwe kwanza rangi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya mafuta. Kagua sehemu zilizochomelewa, kutu huanzia hapo. Sisi tulikwenda kwa seremala na mbao za mbili kwa nne. Kitako kikawa kipana na kizito, mikono tukaivika vipande vya tyubu kuukuu ili isikwaruze rimu. Gharama yote haikufika bei ya tairi moja jipya.

Kama nyumbani kuna mtoto
Hapa sikufichi: hakuna stendi ya bei poa ambayo mtoto hawezi kuivuta. Iweke konani, funga gurudumu la mbele kwenye stendi kwa mpira, kisha funga usukani kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Halafu piga magoti, uivute mwenyewe kutoka kimo cha mtoto. Ikicheza, bado hujamaliza.

Siku ya kupima, Baba Salim alishika ncha moja ya tepu, mimi nikashika nyingine. Tukakubaliana: kona ya dirishani ni ya baiskeli, na kabla haijavuka kizingiti inafutwa chumvi na mchanga. Tangu hapo sijaitaja gereji, naye hajataja nauli.

Kwa hiyo, shosti, na wewe kaka yangu, jioni hii kabla hamjaanza tena ule wimbo wenu wa kila siku, azimeni tepu kwa fundi. Mmoja ashike huku, mwingine huku. Na kila mmoja amuulize mwenzake anaogopa nini hasa.