Kuchagua Lenzi na Vichujio vya Kamera ya Infraredi

Jani zima la kijani huakisi sehemu kubwa ya miale ya infraredi, yaani mwanga ulio nje ya upeo wa jicho la binadamu, kuanzia nanomita 700 hivi. Mwaka 1910 Robert W. Wood wa Marekani alitangaza picha za namna hiyo, ambamo majani ya miti yalionekana meupe kama theluji. Jani likinyauka au likiugua, weupe huo hupungua. Ndiyo sababu kamera hizi hupendekezwa kwa wakulima, na ndiyo sababu yafaa katibu aelewe kinachonunuliwa kabla Halmashauri haijaidhinisha fedha za wanachama.

Kamera ya kawaida ya dijitali ina kioo chembamba mbele ya kihisi chake, kinachozuia infraredi. Mtu aweza kukiacha na kufunga mbele ya lenzi kichujio cheusi cha nanomita 720, kama Hoya R72. Lakini mwanga unaopenya huwa hafifu, hata picha moja ikahitaji sekunde kadhaa na stendi ya miguu mitatu. Shambani upepo hautingishi majani kwa kumsubiri mpiga picha. Afadhali fundi akiondoe kioo hicho. Katibu asijaribu mwenyewe, kwa kuwa kapasita ya taa ya kamera huweza kubaki na umeme wa hatari hata betri zikitolewa. Kuhakikisha kwamba kamera inaona infraredi ni rahisi: ielekezewe rimoti ya televisheni, kitufe kibonyezwe, na taa ya rimoti itazamwe kwenye kioo cha nyuma cha kamera.

Katika vichujio, wauzaji husifu sana vile vya 720 na 850. Cha 850 hutoa picha nzuri za mandhari, nyeusi na nyeupe tu. Kwa mazao hakitoshi, maana kinachotakiwa ni kulinganisha infraredi na mwanga unaofyonzwa na klorofili, yaani mwekundu au wa buluu. Kwa hiyo kichujio kipitishe vyote viwili. Rosco 2007 ya buluu, ambayo kwa asili ni plastiki ya taa za jukwaani, imetumiwa kwa kazi hii katika kamera zilizoondolewa kioo: sehemu nyekundu ya picha hupokea infraredi, na ya buluu hupokea mwanga wa buluu.

Hasara kubwa, hata hivyo, hutoka kwenye lenzi. Lenzi nyingi zimepakwa utando uliokusudiwa mwanga wa kawaida. Infraredi hudundadunda ndani yake na kuacha doa jeupe katikati ya picha. Kwa mpiga picha wa harusi doa hilo ni kasoro ya urembo. Kwa chama ni taarifa ya uongo, kwani mimea ya katikati itaonekana na afya kuliko ya pembeni. Bei kubwa haiondoi kasoro hii, na lenzi bora kwa picha za kawaida yaweza kuwa mbovu hapa. Basi ijaribiwe dukani, kichujio kikiwa kimefungwa, kwa kupiga ukuta wenye mwanga sawa kwa f/4, f/8 na f/16. Doa huzidi kadiri tundu linavyofanywa dogo. Likionekana tayari kwenye f/8, lenzi ikataliwe.

Infraredi hukutana nyuma kidogo ya mwanga wa kawaida. Lenzi za zamani zilikuwa na alama nyekundu ya kusahihisha jambo hilo. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi hulenga kwa kutumia kihisi chenyewe, hivyo usumbufu huo hupungua.

Picha haitaji ugonjwa. Ukame, upungufu wa mbolea na kuvu huweza kufanana, na bwana shamba bado atahitajika kwenda kuangalia. Na pale kahawa ilipo chini ya migomba, kama Kilimanjaro na Kagera, picha ya kutoka juu huonyesha migomba. Mibuni ipigwe kutoka kando, mmoja mmoja, kwa mipangilio ileile ya kamera.