Nyambizi ya mfano inayoongozwa kwa redio

Nyambizi ya mfano inayoongozwa kwa redio ni chombo kidogo chenye umbo la nyambizi halisi ambacho kinaweza kuelea, kuzama, kusafiri chini ya maji na kuibuka tena kwa amri ya mtu aliyesimama ukingoni na rimoti mkononi. Huundwa kwa burudani na pia kwa mafunzo ya fizikia na ufundi.

Kuzamisha chombo ni kazi rahisi, maana hata jiwe huzama. Kazi ngumu ni kukirudisha juu. Boti ya mfano ikipoteza mawasiliano hubaki juu ya maji na huweza kufuatwa. Nyambizi ikipoteza mawasiliano huenda ikalala chini ya ziwa pasipo kuonekana tena. Kwa sababu hiyo karibu kila sehemu yake hupangwa kwa kuzingatia swali moja: kitu kikiharibika, chombo kitarudije juu?

Historia

Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa redio katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Marekani. Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo alipewa hataza ya Marekani namba 613,809 kwa uvumbuzi huo. Betri na vipokezi vya wakati ule vilikuwa vizito. Kubuniwa kwa transista mwaka 1947 kulifungua njia ya kutengeneza vipokezi vidogo vinavyoenea ndani ya chombo chembamba. Siku hizi waundaji wengine huanza na seti za plastiki zinazouzwa madukani, na wengine huchonga umbo lote wenyewe.

Kanuni ya kuelea na kuzama

Kwa mujibu wa kanuni ya Archimedes, kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa. Chombo kikiwa kizito kuliko maji hayo huzama. Kikiwa chepesi huelea. Uzito ukilingana hubaki kilipo. Nyambizi hubadilisha hali yake kwa kuingiza maji katika tangi na kuyatoa. Mabaharia wa Kiswahili huita uzito unaowekwa chomboni ili kukituliza farumi, hivyo tangi hilo huweza kuitwa tangi la farumi.

Mfano mzuri wa hesabu ni nyambizi ya Ujerumani ya aina ya VIIC iliyotumika katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Ilikuwa na urefu wa mita 67.1. Iliondoa maji ya tani 769 ilipoelea na tani 871 ilipozama. Ikiundwa kwa skeli ya 1:72, urefu hugawanywa kwa 72, lakini uzito hugawanywa kwa 72 × 72 × 72, yaani 373,248. Matokeo yake ni haya:

- urefu: sentimita 93
- uzito ikielea: kilogramu 2.06
- uzito ikizama: kilogramu 2.33
- tofauti: takriban gramu 270

Gramu hizo 270 ndizo kazi yote ya tangi la farumi. Tangi likiwa dogo kuliko hapo, nyambizi haitazama ikiwa imeelea kwa kimo sahihi.

Waundaji wengi huacha gramu chache upande wa kuelea. Tangi likijaa, ncha ya mnara hubaki juu ya maji, na chombo hushushwa kwa mwendo wa rafadha pamoja na mapezi yaliyoinamishwa. Mota ikizimika, nyambizi hupanda yenyewe polepole.

Aina ya maji pia ina athari kubwa. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilogramu 1, ilhali lita moja ya maji ya bahari ina takriban kilogramu 1.025. Nyambizi ya mfano uliotajwa, ikisawazishwa katika Ziwa Viktoria, itahitaji takriban gramu 60 zaidi za risasi ili izame vilevile katika Bahari ya Hindi. Kinyume chake ni hatari zaidi: iliyosawazishwa baharini ikitiwa ziwani itakuwa nzito kwa gramu 60 na itakwenda moja kwa moja chini.

Muundo

Nyambizi nyingi za mfano zina sehemu mbili. Gamba la nje ndilo linaloonekana, nalo huachwa lijae maji. Ndani yake huwekwa silinda isiyopitisha maji, mara nyingi bomba la akriliki lenye vifuniko viwili vyenye pete za mpira (oringi). Betri, mota, kipokezi na mitambo midogo ya kugeuza usukani na mapezi hukaa ndani ya silinda hiyo.

Mahali dhaifu ni pale ambapo kitu kinachozunguka au kusogea hupenya kwenda nje. Mhimili wa rafadha hupitishwa katika kibomba chenye mpira wa kuziba na grisi. Kanieneo ya maji huongezeka kwa takriban kilopaskali 10 kwa kila mita moja ya kina, nayo haipungui kwa sababu chombo ni kidogo. Tundu dogo ambalo halivuji juu ya maji huweza kuvuja vibaya kwenye kina cha mita 2.

Risasi hufungwa chini karibu na mkuku, na vipande vya povu gumu la plastiki hubandikwa juu. Kwa mpangilio huo chombo hujinyoosha kikiegemea upande. Kusawazisha omo na tezi huhitaji subira zaidi, kwa kuwa nyambizi iliyozama huinamisha mbele au nyuma kwa urahisi. Isitoshe, mwendo wa chombo kidogo ni wa haraka: katika skeli ya 1:72 mtikisiko hutokea kwa kasi ya takriban mara 8.5 kuliko katika nyambizi halisi. Kwa hiyo wengi hutumia kifaa cha elektroniki kinachohisi mwinamo na kurekebisha mapezi chenyewe.

Sitaha hutobolewa matundu ili hewa yote itoke. Hewa iliyonaswa chini ya sitaha hubanwa kadiri chombo kinavyoshuka. Sentimita za ujazo 100 za hewa hubaki 83 hivi kwenye kina cha mita 2, na chombo hupoteza nguvu ya gramu 17 ya kusukumwa juu. Kadiri kinavyoshuka ndivyo kinavyozidi kuwa kizito.

Aina za tangi la farumi

- Tangi la pistoni: mota huvuta pistoni na kuingiza maji, kisha huisukuma kuyatoa. Mabomba ya sindano ya mililita 60 hutumika sana; matano yakifungwa pamoja huchukua gramu 300, yaani zaidi ya zile 270 zinazohitajika. Maji huweza kupimwa kwa usahihi, lakini bila umeme tangi halitoki maji.
- Tangi la pampu: pampu ndogo ya umeme huingiza na kutoa maji.
- Tangi la gesi: maji huingia kwa vali, na gesi kutoka kopo dogo huyasukuma nje. Huibua chombo upesi, ila gesi huisha.

Mawasiliano ya redio

Maji hufyonza mawimbi ya redio, na hufyonza zaidi kadiri masafa yanavyokuwa ya juu. Rimoti nyingi za kisasa hutumia GHz 2.4, ambayo hupotea baada ya sentimita chache tu. Kwa hiyo waundaji hutafuta rimoti za zamani zaidi, kama za MHz 27 au 40, na MHz 75 huko Marekani, zinazofanya kazi kwenye kina cha mita kadhaa katika maji baridi. Ncha ya waya wa antena huzibwa isiguse maji.

Katika maji ya bahari hata masafa hayo hayafai, kwa sababu chumvi huyafanya maji yapitishe umeme. Kwa MHz 40, kila sentimita 4 hivi hupunguza ukubwa wa wimbi hadi kama theluthi. Nyambizi halisi zilizozama hupokea ujumbe kwa masafa ya chini sana ya kHz 3 hadi 30, ambayo huhitaji antena kubwa mno kwa mtu binafsi. Ndiyo maana nyambizi za mfano huchezwa hasa katika mabwawa ya kuogelea na maziwa yenye maji maangavu.

Kinga na majaribio

Kifaa cha kinga hufuatilia mambo matatu: mawasiliano, nguvu ya betri na unyevu ndani ya silinda. Tatizo likitokea, huamuru tangi litoe maji mara moja. Katika nyambizi yenye tangi la pistoni amri hiyo hutolewa betri ingali na akiba ya kutosha kusukuma maji yote. Ikichelewa, kinga haina maana.

Betri za risasi na asidi hazichajiwi ndani ya silinda iliyofungwa, kwani hutoa hidrojeni ambayo huweza kulipuka kwa cheche ndogo.

Majaribio hufuata hatua. Kwanza silinda tupu huzamishwa kwenye ndoo na kuangaliwa kama inatoa mapovu. Pili, chombo kizima husawazishwa katika pipa au beseni kwa kuongeza na kupunguza risasi. Tatu, rimoti huzimwa makusudi chombo kikiwa kimezama, ili kuhakikisha kwamba kinaibuka. Mbizi za kwanza katika maji makubwa hufanywa kwa mshipi wa kuvulia samaki uliofungwa kwenye omo na boya dogo. Mshipi huo huondolewa baada ya chombo kuibuka mara nyingi bila kuvutwa.